Doti Ikilowa

Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushee. Zikiwa mbili ni doti. Kutoka Kagunga, mpakani na Burundi, hadi Kalya kusini kabisa mwa wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, hakuna nyumba ya mwanamke isiyo na doti kadhaa, na siku ya uchungu mzazi hutandikiwa zile kuukuu. Mkunga hachukui mpya. Kanga iliyotoka dukani bado ina wanga wake, damu huteleza juu yake. Iliyofuliwa miaka mitatu huinywa.

Mwaka 2005 Ndola Prata, Godfrey Mbaruku na Martha Campbell walichapisha taarifa fupi ya kitaalamu kuhusu jambo hilo hilo. Kwa kuwa kanga za Tanzania hazipishani sana kwa ukubwa, walisema, zinafaa kuwa kipimo. Mbili zikilowa kabisa, damu iliyotoka imefika nusu lita, na nusu lita ndiyo mpaka ambao hospitali nyingi duniani zimezoea kuuita hatari baada ya kujifungua. Mkoani Kigoma wakunga wa jadi walifundishwa hivyo: doti ikilowa, usingoje kanga ya tatu, mwekee mzazi vidonge vitano vya misoprosto, dawa ya kuzuia damu, kwa njia ya haja kubwa. Katika eneo lililopewa vidonge walifuatiliwa wanawake 454 na 111 kati yao walitokwa damu kupita kiasi. Katika eneo lisilopewa walikuwa 395, na waliotokwa damu hivyo ni 73. Kati ya hao waliotokwa damu, upande wa vidonge waliolazimika kupelekwa hospitali hawakufika wawili kwa kila mia. Upande wa pili walikuwa 19 kwa kila mia.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 2023, yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la E-MOTIVE lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kiini chake kilikuwa mfuko wa plastiki wenye mistari, unaotandikwa chini ya mzazi ili damu ionekane imefika wapi, pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo mara mstari unapofikiwa. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kabla ya hapo wauguzi na madaktari wengi walikuwa wakikadiria damu kwa macho, na macho hupunja. Mfuko ule wenye mistari na kanga ile kuukuu ni ndugu, na katika udugu huo kanga ya Kigoma ndiyo dada mkubwa.

Nimeanza na kanga kwa sababu mjadala wetu wa ukunga wa jadi na hospitali umezoea kuuliza nani anajua zaidi. Swali hilo limetuchosha bila kumwokoa mtu. Ninalotaka kuuliza mimi ni hili: kila mila ya uzazi, na hospitali nayo naihesabu ni mila, huambiwa na nini kwamba saa ya kumwachia mwingine imefika? Mimba ikiwa ya miezi minane au tisa na mambo yakageuka, elimu ya mkunga, sala ya mwalimu wa dini na kisu cha daktari vyote vinaweza kuwa sahihi na bado mama akafa, kwa kuwa aliyemshika alimshika muda mrefu mno.

Kigoma swali hili lina maji ndani yake. Milima ya Bonde la Ufa inashuka hadi Ziwa Tanganyika kwa kasi, na vijiji vya mwambao vimebanwa kati ya mteremko na mawimbi. Kutoka Mwamgongo au Zashe upande wa kaskazini, Sigunga au Buhingu upande wa kusini, njia ya miaka mingi imekuwa boti. Mama mwenye damu inayotoka hushushwa ufukweni amebebwa kwa machela ya miti au mgongoni, hulazwa juu ya mbao kati ya magunia ya dagaa na madumu ya mafuta, na kama upepo umeamka nahodha naye ana haki ya kusema tusubiri. Anayeshinda Kibirizi, gati ya boti za abiria jirani na mji wa Kigoma, huzijua safari hizi kwa jinsi abiria wengine wanavyokaa: wamejisogeza wote upande mmoja, wanawake wawili wameinua kanga kuwa pazia, na hakuna anayeongea kwa sauti.

Kiswahili kinasema mwanamke amejifungua. Tumelizoea neno hata hatulisikii tena, lakini ndani yake mna fundo. Mwenye mimba amefungwa, na siku yake ikifika hufunguka. Kwa hiyo uchungu unapokwama, mwambao mzima wa Waswahili na bara yake, swali la kwanza la wazee huwa limejificha katika sarufi: nani kamfunga? Nywele hufumuliwa, hirizi hukatwa, masanduku hufunguliwa. Pengine mama huulizwa kama kuna jambo la kuungama, au mume huulizwa yeye. Warumi wa kale walikuwa na fikra hiyo hiyo. Mbele ya Juno Lucina, mungu wao wa uzazi, mwanamke alitakiwa afike bila fundo mwilini, na walisimulia jinsi Lucina alivyomzuia mama yake Hercules asizae kwa kuketi mlangoni akiwa amepishanisha miguu na kufumbata vidole. Watu ambao hawakuwahi kuonana wakalifikia fundo lile lile, maana uchungu uliokwama kweli unafanana na kamba iliyokazwa. Sioni aibu katika sitiari hiyo. Ninachokiogopa ni saa zinazotumika kumtafuta aliyefunga, kwa kuwa mtoto aliyelala kimshazari au nyonga iliyo ndogo kuliko kichwa havina mfungaji, na mfuko wa uzazi unaosukuma dhidi ya kizuizi hauna subira ya baraza.

Ujiji, mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, una njia yake nyingine. Mwalimu huandika aya kwa zaafarani katika sahani nyeupe, mara nyingi zile za mwanzo wa Sura al-Inshiqaq zinazotaja mbingu kupasuka na ardhi kutoa kilichomo ndani yake, kisha maandishi huoshwa kwa maji na mama akanywa. Kombe hili limetajwa hata katika tiba ya Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14. Ndani ya mila hiyo hiyo mna Hadithi kwamba anayekufa kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Nimesikia watu wa afya wakiitaja imani hiyo kana kwamba ndiyo inayowafanya watu waridhike na kifo. Siamini. Familia inayomwita marehemu wao shahidi inajifariji baada ya msiba, na faraja si sababu ya msiba. Kombe lenyewe huchukua dakika chache. Nyumba inayompa mama kombe huku kijana anajaza petroli kwenye injini ya boti haijapoteza kitu. Nyumba inayotuma mtu kumfuata mwalimu baada ya Isha na kumsubiri hadi alfajiri imepoteza usiku, na pengine kila kitu pamoja nao.

Dawa za kuongeza uchungu ndizo zinazonivuta zaidi, kwa sababu hapo mila na hospitali zinashika kitu kimoja kwa mikono miwili. Wakunga wengi wa jadi wana mizizi na majani ya kuchemsha, na watu wa hospitali huwalaumu kwamba yanapasua mfuko wa uzazi. Lawama ina ukweli. Lakini historia ya hospitali kwenye jambo hili ni ile ile. Wakunga wa Ulaya walitumia kuvu inayoota kwenye shayiri nyeusi; mwaka 1808 John Stearns, daktari wa jimbo la New York, akaitangaza kwa wenzake kuwa unga wa kuharakisha uzazi. Madaktari waliipenda kupita kiasi, na haikufika miaka ishirini kabla ya mwenzao wa New York, David Hosack, kuonya kwamba kwa mtoto aliye tumboni jina linaloufaa ni unga wa mauti. Dawa haikutupwa. Ilifanyiwa kazi mpaka mwaka 1935 Dudley na Moir huko Uingereza wakaitoa ndani yake ajometrini, iliyotumika kuzuia damu katika wodi za wazazi kwa miongo mingi, hata kwetu. Na ilihamishwa saa yake: badala ya kutolewa kabla mtoto hajatoka, ikawa ya kutolewa akishatoka.

Ng'ambo ya ziwa, katikati ya Kongo, ipo hadithi ya aina hiyo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, aliona wanawake wa Kilulua wakinywa chai ya mmea wanaouita kalata-kalata ili uchungu uende haraka. Aliuchunguza akakuta ndani yake protini ndogo yenye nguvu ya kukaza mfuko wa uzazi, tena isiyoharibika kwa kuchemshwa. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba protini hiyo imejifunga duara, haina mwanzo wala mwisho, na hiyo ndiyo siri ya kustahimili moto na tumbo. Mkunga wa Kilulua hakuwa na maabara, ila alikuwa na nguvu halisi mkononi. Alichokosa ni dozi. Sufuria ya jana si sufuria ya leo, na mzizi wa masika si wa kiangazi. Dripu ya oksitosini, dawa ya uchungu ya hospitali, ina matone yanayohesabika, inaweza kufungwa, na ikifungwa nguvu yake inaisha baada ya muda mfupi. Chai ikishamezwa haifungiki. Kwangu tofauti kubwa iko hapo, katika uwezo wa kusimama, na hiyo ni sababu nzito kuliko zile za dharau zinazotolewa kila siku.

Kuna habari moja ya nchi za maziwa ambayo kila mwanafunzi wa ukunga wa Tanzania angepaswa kuijua. Mwaka 1879, mahali paitwapo Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwanamke wa miaka kama ishirini, mimba yake ya kwanza, akifanyiwa upasuaji wa kuzaa. Maelezo aliyoyachapisha mwaka 1884 ni ya hatua kwa hatua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa nusu usingizini, akafungwa kitandani kwa nguo ya gome la mti. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha kwayo tumbo la mama, akatoa ukelele ulioitikiwa na umati wa nje, kisha akachana kutoka juu ya kinena hadi chini ya kitovu. Msaidizi alikuwa akigusa mishipa inayovuja kwa chuma chekundu cha moto. Mtoto akatoka, kondo likatolewa, na mfuko wa uzazi ukaminywa kwa mkono mpaka ukajikaza. Haukushonwa. Mama akageuzwa ili maji na damu vichuruzike nje, halafu ngozi ikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushiwa uzi wa gome. Juu yake ikapakwa rojo ya mizizi iliyotafunwa na kufunikwa jani la mgomba. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga, mama mzima, mtoto mzima.

Ulaya ya miaka ile, mama aliyepasuliwa akiwa hai kwa kawaida alikufa. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Italia alianza kuokoa baadhi yao kwa kuuondoa mfuko wa uzazi, na mwaka 1882 Max Sänger wa Ujerumani akaonyesha faida ya kuushona. Kabla ya hapo sheria na dini zilikuwa zimeshughulika zaidi na tumbo la maiti. Sheria ya Warumi ilikataza kuzikwa mwanamke mwenye mimba kabla mtoto hajatolewa. Kanisa Katoliki la karne ya 18 lilihimiza mama aliyekufa apasuliwe ili mtoto abatizwe. Mafakihi wa Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Ujiji na pwani, waliruhusu tumbo la marehemu lipasuliwe mtoto akitarajiwa kuwa hai. Wa Kihanbali walikataa, wakasema wakunga wamtoe kwa njia ya kawaida. Ukizisoma mila hizi bega kwa bega, kisu kimo katika karibu zote. Bunyoro inajitenga kwa saa. Kisu chao kiliingia mama akiwa bado anapumua, na maandalizi yale, pombe, chuma, misumari iliyokwisha kung'arishwa, yanaonyesha watu waliokuwa wamekubaliana zamani kwamba ikifika hali fulani hatungoji tena. Kazi ya namna ile haibuniwi siku hiyo.

Kwa hiyo narudi Kigoma, kwenye hospitali ya mkoa, Maweni. Godfrey Mbaruku alifanya kazi hapo akiwa daktari wa wanawake, na pamoja na Staffan Bergström wa Sweden alichapisha mwaka 1995 simulizi ya miaka 1984 hadi 1991. Mwanzoni, kwa kila vizazi hai 100,000 mama 933 walikufa hospitalini hapo: karibu mama mmoja kwa kila wazazi 107. Mwishoni walikuwa 186. Hakukuwa na fedha nyingi za wafadhili wala mashine mpya za ajabu. Kulikuwa na orodha ya mambo 22, na ukiisoma unashangaa jinsi yalivyo ya nyumbani. Kila kifo kijadiliwe katika kikao cha kawaida. Damu iwepo. Maji ya dripu yatengenezwe hapo hapo. Vifaa vitengenezwe kwa ratiba. Malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Umbali kati ya hospitali na wanakoishi watumishi muhimu nao ulishughulikiwa.

Hili la mwisho nalirudia kila ninapopata nafasi. Wachunguzi wa vifo vya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua nyumbani, wa kusafiri, na wa kupata huduma mgonjwa akishafika. Tunapozungumza vijijini huwa tunakaa kwenye ule wa kwanza, maana ni rahisi kumlaumu mama mkwe. Mbaruku aliutazama wa tatu. Mama amevuka ziwa, amefika, kondo limebanduka, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na mtu wa kumlaza usingizi anaishi upande wa pili wa mji bila usafiri. Hospitali nayo ilikuwa na mila zake za kungoja, na ilichofanya Maweni ni kuziungama mbele ya kikao.

Kifafa cha mimba kinahitaji neno lake. Madaktari wanakiita eklampsia, kwa neno la Kigiriki la mwanga unaomulika ghafla. Sisi tumekiita kifafa, na jina hilo limekuja na mzigo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtu mwenye kifafa huogopwa kuguswa akiwa katika degedege, kwa hofu ya kuambukizwa, na wengine husema ni shetani amepanda kichwani. Mama wa miezi minane anapoanguka na kukakamaa, mikono iliyopaswa kumlaza ubavu ili asipaliwe inarudi nyuma. Kumbe ugonjwa huu mara nyingi ulikwisha kubisha hodi: presha imepanda, kichwa kinauma bila kuachia, macho yanaona ukungu, uso na vidole vimevimba, maumivu yako chini ya chembe cha moyo. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Jaribio la Magpie la mwaka 2002 lilionyesha kwamba kwa mwenye dalili za awali za ugonjwa huu inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kwanza inaweza kuchomwa zahanati, kabla ya safari. Muuguzi anayeichoma na hapo hapo kuita boti amefanya mambo mawili kwa mpigo: ametibu, na ameachia.

Kuachia kunahitaji mlango upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwauliza wanawake wa vijijini magharibi mwa Tanzania wangependa kujifungulia mahali pa namna gani. Yaliyoongoza yalikuwa mtoa huduma mwenye heshima, na kuwepo kwa dawa na vifaa. Wilayani Kasulu wengi walikuwa tayari kuipita zahanati ya karibu na kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo mwanamke wa Kiha, mwenyeji wa huko, anayesemwa kuwa amekwama katika mila alikuwa akilinganisha huduma kwa makini kama mteja yeyote sokoni. Alikuwa anajua mkunga wa jirani atamwita mwanangu, na akakumbuka mahali alipofokewa mbele ya watu.

Namba 115 ya mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, sasa inaita gari au dereva wa jirani bila malipo. Takwimu za taifa zimeshuka kutoka vifo 556 kwa vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini mabadiliko ninayoyathamini kuliko yote yalikuwa madogo, na yalifanyika Kigoma. Kati ya Julai 2016 na Desemba 2018 vituo tisa vya serikali viliruhusu mzazi aingie chumba cha kujifungulia na mwenzake amtakaye: mama, dada, wifi, jirani. Kwa miaka mingi bibi aliyemsindikiza mzazi alikuwa akiishia getini kwa maneno ya kawaida, bibi subiri hapo nje, naye akakaa kwenye benchi na habari zake zote: uchungu ulianza saa ngapi, chupa ilipasuka lini na maji yalikuwa na rangi gani, mama alikunywa nini. Alikuwa ameubeba usiku mzima kichwani na hakuna aliyemuuliza.

Ninapofikiria kituo ninachokitamani hapa mwambao, naona chumba kimoja. Umeme wa jua, mashine ya presha inayofanya kazi, mama amelala ubavu wa kushoto, dripu inashuka. Bibi ameketi kichwani kwa mwanawe, amemfuta jasho kwa ncha ya kanga. Muuguzi anainua shuka, anatazama, anauliza bila kumwangalia mtu mwingine yeyote chumbani:

"Bibi, hii ni ya ngapi?"

"Ya pili, mwanangu. Na ile ya kwanza ilikuwa imelowa tangu botini."

Naye muuguzi tayari ameshika simu.